Nazi za Kwenda Nanyuki

Somo la reli huangukia muhula wa pili. Nasimama mbele ya ramani ya Kenya, nafuata kwa kidole mstari mweusi utokao Mombasa ukapanda hadi Nairobi, kisha ule mwembamba unaochepuka kuelekea mlimani na kukatikia Nanyuki, nikiwaeleza wanafunzi kwamba hapo ndipo reli ilipowafungulia watu njia ya kaskazini. Wao huandika. Wakati wa mtihani hunirudishia sentensi ileile, nami huwapa alama zao kwa sababu haina kosa: palipokuwa na nyasi na wachungaji waliopita na mifugo yao, reli ilileta mashamba, kisha maduka, kinu cha unga, makanisa, msikiti, na hatimaye mji. Mwaka huu kidole kilipofika mwisho wa mstari kilibaki palepale mpaka binti mmoja wa kiti cha mbele akauliza, "Mwalimu, ndiyo mwisho?" Nikamjibu kuwa ndiyo mwisho, nikawaruhusu watoke. Asubuhi hiyo, nikiwa bado nyumbani Mikindani nikipiga pasi nguo za kazini, mwanamke aitwaye Nyambura alikuwa amenipigia kutoka Nanyuki. Tulijuana kwa simu tu. Yeye ndiye aliyekuwa akimtunza shangazi yangu Kadzo katika uzee wake. "Cucu ametuacha," alisema. "Tunakungoja wewe ndio tuzike." Cucu ni nyanya kwa Kikuyu. Nilisimama na pasi mkononi nikiwaza kwamba shangazi yangu, ambaye hakujaliwa mtoto, alikuwa nyanya wa watu mahali ambapo hakuwahi kuniruhusu nikanyage.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule aliohama. Nilikuwa katika darasa la mwisho la sekondari, nikiishi naye pamoja na mumewe, Mzee Chengo, katika nyumba za reli za Changamwe. Nyumba hizo zilijengwa kwa mawe, zikapangwa kwa safu kama mabehewa yaliyosahauliwa. Yetu ilikuwa na chumba kimoja kipana kilichogawanywa kwa pazia, jiko dogo la nyuma, na kibaraza cha mbele ambacho kilitosha viti vitatu na jiko la makaa. Ukuta wa ndani ulipakwa rangi ya kijivu hadi usawa wa kiuno na nyeupe juu yake, na ile nyeupe haikuwahi kukaa nyeupe, kwa kuwa moshi wa injini na ule wa mitambo ya mafuta ulituingilia kwa zamu. Garimoshi likipita vikombe vililia kabatini. Hakuna aliyenyamazia kelele hiyo. Tulipandisha sauti tu, tukaendelea na mazungumzo, kisha tukazishusha tena likishapita. Hata leo, nikiwa katika mkutano wa walimu, wenzangu huniambia kwamba huwa napaza sauti ghafla pasipo sababu.

Mzee Chengo alikuwa nyapara wa genge, yaani mkuu wa wale watu wanaotembea juu ya njia kutwa nzima wakikaza boliti, wakibadilisha mataruma yaliyochoka chini ya vyuma na kushindilia kokoto. Ujanani aliwahi kupelekwa kufanya kazi kwenye tawi la Nanyuki, na tangu hapo moyo wake ulibaki huko. Jioni wenzake walikuja kibarazani, naye akasimulia habari ambazo tulikuwa tumezisikia mara nyingi. Reli, alisema, ilikomea pale kama mtu aliyesimama mlangoni akasahau alichojia. Mbele yake hakukuwa na kitu ila tambarare hadi macho yachoke. Mwanzoni garimoshi lilishusha Wazungu na ng'ombe wao, likapandisha ngano na sufu. Waafrika walishuka kwenda kufanya kazi kwenye mashamba hayo. Baada ya uhuru mashamba makubwa yakaanza kukatwa vipande, na hapo ndipo yeye alipoona jambo ambalo hakulisahau. "Nimemwona mtu kwa macho haya," alisema, "ashuka kwenye behewa na mlango begani. Hana kitanda, hana sufuria. Mlango."

"Mlango bila nyumba?" mmoja wao akamcheka. "Huyo alikuwa amefukuzwa na mkewe, akaondoka nao kwa hasira."

"Cheka tu. Miti ya ukuta waikata palepale, udongo upo. Mlango mzuri ndio haupatikani. Ukishakuwa na mlango, nyumba imekwisha kuanza. Walilala pale stesheni na milango yao, na mabati, na kuku ndani ya matenga, wakingoja kuonyeshwa viwanja. Nilipokwenda mwaka uliofuata, palikuwa na soko."

Shangazi Kadzo alikuwa akiyasikiliza hayo kutoka jikoni, amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, amewapa mgongo. Sauti ya jino la mbuzi ndani ya kifuu ndiyo iliyokuwa jibu lake la kwanza kwa kila jambo: alipokubali ilikwenda polepole, alipokataa iliharakisha. Jioni moja mumewe alitangaza kwamba akistaafu hatarudi Rabai kwa ndugu zake kugombania minazi ya marehemu baba yao. Amepata kiwanja Nanyuki, wenzake wa zamani wamemshikia, na behewa la kuchukulia mizigo litatolewa kama heshima ya utumishi. Mbuzi ikaharakisha.

"Huko kwenu kuna mnazi?" akauliza bila kugeuka.

"Kuna viazi. Kuna kabeji, kuna karoti, kuna maziwa hata uogee ukitaka."

"Nakuuliza mnazi, wanijibu maziwa."

"Kadzo, mnazi ni mti tu. Mtu hawezi kukosa ardhi kwa ajili ya mti."

"Tui utalitoa wapi? Utakamua viazi?"

Wanaume wakacheka, naye akacheka kidogo, na mimi niliyekuwa nyuma ya pazia na vitabu vyangu nikadhani kwamba jambo limekwisha kwa mzaha. Sasa najua kwamba katika nyumba ile mambo mazito yalipita kwa njia hiyo, yakiwa yamevikwa kicheko ili yasimguse mtu vibaya. Mfanyakazi akistaafu, nyumba ya reli hurudi kwa reli. Shangazi hakuwa na pa kukaa isipokuwa pale alipo mumewe, na alilijua hilo tangu kabla ya kuuliza habari za mnazi.

Waliondoka kabla ya mvua za masika. Fundi wa Magongo alikuwa amemtengenezea Mzee Chengo milango miwili ya mvule, naye aliipakia yeye mwenyewe, akiifunika magunia kana kwamba itapata baridi. Shangazi alichukua vyombo vichache, kifumbu cha kuchujia tui, na mbuzi yake aliyoikumbatia hadi stesheni kama mtu aliyebeba mtoto. Mimi niliachwa kwa jirani yetu wa safu ya mbele, Bi Rehema, ambaye mumewe Athumani alikuwa gadi, mtu anayekaa katika behewa la mwisho na kuangalia usalama wa garimoshi zima. Walikuwa watu wa Likoni, Waislamu, nao walinipokea chumba cha mbele bila kuuliza nitasali wapi. Palepale jukwaani shangazi alitoa leso yake nyekundu yenye pindo jeusi, akalichana lile pindo kuwa vipande vyembamba, akanipa nusu yake.

Huo ulikuwa utaratibu wa watu wa reli, na yeyote aliyekulia katika nyumba zile atakuwa anaukumbuka. Aliyekuwa na mtu wake juu ya njia hakutuma barua, alituma kapu. Kapu lilifungwa kwenye mkono wake kitambaa ambacho familia nzima imekubaliana, likakabidhiwa gadi, naye akamkabidhi gadi wa tawi jingine, mpaka likafika kwa mwenye kitambaa cha namna ile. Maneno nayo yalisafiri hivyo hivyo, kutoka kinywa hadi kinywa, yakifika yamepungua au yameongezwa chumvi. "Kila kapu litakalokuja na pindo hili ni langu," shangazi aliniambia. "Nitumie nazi, nami nitakutumia hivyo viazi vyake. Na kabla hujaingia chumba cha mtihani nitakuwa nimerudi. Namwekea nyumba sawa, nampikia wiki chache, halafu nakuja kukaa nawe hadi uende chuo. Umenisikia, Umazi?"

"Abee, shangazi. Nimesikia."

"Basi usilie mbele za watu."

Athumani, aliyekuwa na bendera yake ya kijani kwapani, aliingilia kati kwa ile sauti yake ya taratibu. "Bi Kadzo, kapu lako nitaliweka miguuni pangu, wallahi. Hata Mwenyezi Mungu akitaka nazi nitamwambia angoje kidogo." Shangazi akamkemea kwa kufuru, akapanda. Garimoshi lilipoondoka hakutoa mkono dirishani. Nilimwona amekaa na mbuzi mapajani, akiangalia mbele.

Kwa miezi kadhaa kapu lilikwenda na kurudi. Kutoka Nanyuki vilikuja viazi vyenye udongo mweusi bado, kabeji kubwa kuliko kichwa, na njegere ambazo Bi Rehema alizitia kwenye pilau akizilalamikia kuwa hazina ladha, kisha akazimaliza. Nilikuwa nikilipokea kapu stesheni baada ya masomo, nikalifungua palepale, nikitafuta shangazi ndani yake. Kama kabeji zimefungwa vizuri kwa majani, niliona kwamba ana raha. Kama zimetupwa tupwa, niliingiwa na wasiwasi. Maneno aliyoyaleta Athumani yalikuwa machache: nyumba imesimama, mlima unaonekana asubuhi tu, kisha unajificha, majirani ni watu wema ila wanakula mahindi na maharagwe asubuhi, mchana na jioni, usiku ndovu hupita karibu. Na kila mara: usije kunitembelea bado, ngoja pawe pazuri ndipo uje. Mimi nami nilinunua nazi sokoni, Bi Rehema akazifua kwa ustadi uani, makumbi, yale maganda ya nje yenye nyuzi, yakabaki kuwashia moto, na nazi zikapanda reli zikiwa safi, zinang'aa kama vichwa vya watoto walionyolewa.

Mvua za masika zilipokuwa zikiisha, Athumani alikuja na agizo jipya. Alikuwa amevua viatu, anakunywa chai, na Bi Rehema alikuwa akikaanga mahamri.

"Shangazi yako asema usizifue tena. Zije na makumbi yake. Ati zikifuliwa zaharibika njiani."

Bi Rehema akageuka na mwiko wake. "Zaharibika? Nazi kavu? Tangu lini nazi kavu ikaharibika safarini?"

"Mimi nasema nilivyoambiwa."

"Labda baridi ya huko yala hata nazi," akasema, akacheka, akarudi kwenye mafuta yake. Nikacheka nami. Tangu siku hiyo nilituma nazi nzima, zile kubwa, na kapu likawa zito hata Athumani akaanza kunitania kila anaponipokea mzigo: mamako wa Nanyuki afanya nini na makumbi yote haya, asuka kamba za kuuvutia mlima? Nilichokiona mimi akilini ni jiko lenye joto, na shangazi juu ya mbuzi, na wali wa nazi ukichemka mahali ambapo hakuna aliyewahi kuisikia harufu yake. Kila nazi niliyoichagua sokoni niliitikisa sikioni nipate kusikia maji yake, nikasema shangazi atakula vizuri wiki hii. Picha hiyo ilinitosha. Nilisomea juu yake.

Mtihani ulipokaribia nilianza kulisubiri garimoshi lenyewe badala ya kapu. Nilijua lile la abiria lafika saa ngapi, nikasimama mahali ambapo mabehewa ya daraja la tatu husimama. Walishuka watu wa bara na masanduku yao, wanajeshi, wanawake wenye watoto mgongoni. Badala ya shangazi akashuka Athumani, akanisogeza kando. "Mzee Chengo kifua kimembana," alisema. "Hawezi kuachwa. Shangazi yako asema ufanye mtihani wako kwa utulivu, yeye yuaja." Hakunitania siku hiyo. Asubuhi ya karatasi ya kwanza Bi Rehema alinipikia mbaazi za nazi, akaketi mbele yangu mpaka nikamaliza, akanirekebisha kola ya shati kana kwamba ndiye aliyekuwa ameahidi. Nilimshukuru. Katika chumba cha mtihani palikuwa na swali juu ya faida za usafiri wa reli, na nililijibu kwa ukamilifu.

Kisha mwaka ule ukamalizika vibaya, kwa namna isiyo na kelele. Mabehewa ya abiria kwenye tawi la Nanyuki yalipunguzwa, yakapunguzwa tena, hatimaye tukaambiwa hayaendi. Barabara ilikuwa imejaa malori na mabasi, watu waliofunguliwa njia na reli walikuwa wamekwisha kupata njia nyingine, na reli haikuhitajika tena na wale iliowapeleka. Athumani alirudi siku moja na kapu langu likiwa vilevile nilivyolifunga, na pindo lake jeusi. "Nimefika Nairobi, hakuna wa kupokezana naye," alisema, akaliweka chini polepole. Tuliliacha kwenye pembe ya jiko, hakuna aliyekuwa na moyo wa kula nazi zile. Baada ya muda Bi Rehema alilisogeza afagie, akaniita. Nazi zilikuwa zimeota palepale gizani, bila udongo wala maji, kila moja imetoa jani la kijani kibichi lililochongoka kama kalamu. Tulizipanda nyuma ya nyumba. Moja ilikua mnazi, ukazaa, ukasimama hadi nyumba zile zilipovunjwa kupisha yadi ya makontena.

Mzee Chengo alikufa kabla ya masika yaliyofuata, akazikwa hukohuko. Nilidhani sasa shangazi atarudi. Alikuja kwa basi, akakaa siku chache kwa Bi Rehema, na nilipomwuliza kwa nini mfuko wake haujafunguliwa akasema, "Nimwache na nani kule?" Tangu hapo alikuwa mgeni Pwani. Alikuja harusini kwangu, alikuja matangani kwa Athumani, na kila alipoondoka alibeba gunia la nazi zenye makumbi, akikataa zifuliwe, akikataa nimsindikize zaidi ya kituo cha basi. Mimi nilipotaka kwenda kwake jibu lilikuwa lilelile, sasa kwa simu, sasa kwa sauti iliyochakaa: ngoja pawe pazuri.

Nilikwenda kumzika kwa garimoshi la reli mpya, linalopita juu ya nguzo za zege na kufika Nairobi kabla mtu hajachoka, kisha kwa gari hadi Nanyuki. Nyambura alinipokea langoni, mwanamke mnene mwenye macho mekundu, akanishika mikono yote miwili. Nyumba ilikuwa ya mbao na mabati, na katika kizingiti chake ulikuwepo mlango wa fundi wa Magongo, umepakwa rangi ya kijani, bawaba zake hazilii. Jikoni niliiona mbuzi. Jino lake lilikuwa kali bado, jeusi, halina mkwaruzo mpya. Kiti chake tu ndicho kilicholainika kwa kukaliwa. Nikamwuliza Nyambura kama shangazi alikuwa akiwapikia wali wa nazi. Akanitazama kwa mshangao.

"Nazi? Cucu hakuwahi kupika nazi hata moja. Alitukataza kuzigusa."

Akanitoa nje, upande wa nyuma ambako shamba linateremka kuelekea mtoni. Palikuwa na fimbo zilizochomekwa ardhini, na nilipoziona kwa mara ya kwanza nilidhani ni vigango, vile vibao vya kumbukumbu ambavyo watu wetu husimamishia wafu wao na kuvifunga vitambaa. Zilikuwa zimepangwa safu mbili zilizonyooka kama njia ya reli, na kila moja ilikuwa imefungwa kijitambaa. Vingi vimepauka vikawa rangi ya vumbi, lakini vile vya karibuni vilionyesha bado weusi wa pindo la leso. "Hizi ndizo nazi zako," Nyambura alisema. "Alianza mimi nikiwa mdogo. Alituambia tungoje, miti mirefu itatoka hapa, tutakaa chini yake, na ikishazaa atamwita mtoto wake wa Mombasa aje aone. Kila zilipooza kwa baridi alichimba palepale akapanda zingine. Baba yangu alimwambia, mama, huu si mti wa huku. Akamjibu, hata mimi si wa huku, na nipo." Akafuta pua kwa ncha ya kitambaa chake. "Hakutoka hata mmoja. Hata jani."

Nilisimama katikati ya safu zile nikikumbuka jinsi nilivyozitikisa sikioni sokoni Changamwe, moja baada ya nyingine, nikimtakia hamu ya kula. Nilikumbuka pia zile za pembeni mwa jiko la Bi Rehema, zilizochipua pasipo mtu kuziomba.

Vijana wa jirani walikuja na majembe na koleo asubuhi iliyofuata. Walijaribu kwanza kando ya kaburi la Mzee Chengo, lakini pale ni mwamba mtupu, jembe likatoa cheche, wakakaa chini kupumzika. Mmoja wao akateremka hadi kwenye fimbo, akapiga pigo moja, jembe likazama hadi mpini. "Mama," aliniita, "hapa je? Hapa udongo ni laini. Cucu ameuchimba miaka yote." Wote wakanigeukia. Nikawaambia wachimbe hapo. Walichimba kwa kupokezana, shimo likashuka upesi, kingo zake zikasimama vizuri, na walipofika kifuani koleo la yule kijana likaibua kitu cha kahawia chenye nyuzi nyuzi. Alikigeuza geuza kiganjani.

"Hiki ni nini, mama?"

Nilikipokea. Kilikuwa kumbi la nazi, jepesi, limekauka, ndani yake hamna kitu.

"Ni chake," nikamwambia. "Kirudishe humo humo."